Mlio Kutoka kwa Mjomba

Mlio ulikuwa unatoka nyumbani kwa mjomba wake.

Flora aliigeuza antena kushoto, mlio ukafifia. Akaigeuza kulia, ukafifia tena. Akaielekeza kwenye tembe la mjomba Mughwai, pale ukingoni mwa msitu, na mlio ukamjaa masikioni. Alitamani kifaa kile kiwe kibovu.

Mwaka wa pili sasa alikuwa msaidizi wa utafiti wa chui katika msitu ule wa Ikungi. Kazi yake ilikuwa kufuata kwa miguu mlio wa kola za redio walizovishwa chui shingoni. Kola ya jike mmoja haikuwa imesogea kwa siku tatu, na chui mzima hakai mahali pamoja siku tatu. Ama amekufa, ama ameuawa na kola ikavuliwa.

Aliyemchukia alijulikana. Mughwai alikuwa amepoteza mbuzi watatu, na kwenye mkutano wa kijiji alisimama akaapa: "Siku nitakayomtia machoni ndiyo siku yake ya mwisho!" Picha ya mwisho ya kamera ya msituni ilimwonyesha yule chui akijikokota na tumbo kubwa. Watu wakacheka, wakasema ameshiba mbuzi wa Mughwai.

"Kikulacho ki nguoni mwako, dada," alisema Shukuru, askari wa wanyamapori aliyefuatana naye. Alikuwa na bunduki begani na pingu kiunoni.

Kuua chui ni jela. Na mjomba huyo ndiye aliyemsomesha Flora tangu darasa la kwanza. Hata hivyo alitembea.

Magodoro na vyungu vilikuwa uani. Zizini hapakuwa na mbuzi hata mmoja. Kwenye kizingiti palikuwa na matone ya damu iliyokauka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Punguzeni sauti." Mughwai alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameupa mlango mgongo. Hakuinuka.

"Mzee, tunaomba kukagua ndani," alisema Shukuru.

"Haiwezekani. Humo kuna mzazi. Leo siku ya tatu. Mwanamume haingii."

Shukuru akarudi nyuma hatua moja. Bunduki ni bunduki, lakini nyumba yenye mzazi haivamiwi, na hata yeye alizaliwa na mwanamke.

Flora alishusha pumzi. Kumbe damu ile ni ya uzazi! Alikuwa karibu kucheka pale Loyce, mke wa mjomba, alipotokea njia ya kisimani na ndoo ya maji kichwani. Alikuwa na mvi tele, na uzazi wake wa mwisho ulikuwa miaka ishirini iliyopita. Katika nyumba ile hapakuwa na mwanamke mwingine.

Mjomba alikuwa amewadanganya. Hilo lilimuuma Flora kuliko ile damu.

"Mimi si mwanamume," alisema, machozi yakimlenga. "Nitaingia mimi."

Shukuru alikwisha gusa pingu. Mughwai akaona, akainuka taratibu, akamshika mpwa wake mkono.

"Usiingie. Chungulia tu. Na ukiona, usipige kelele, nakuomba."

Flora akausukuma mlango upenyo wa vidole viwili. Ndani kulikuwa na giza na harufu kali. Macho yake yalipozoea, akaiona kola aliyokuwa anaitafuta. Ilikuwa bado shingoni mwa mwenyewe, aliyelala ubavu akimtazama, na tumboni pake vitoto viwili vilivyofumba macho vilikuwa vinanyonya.

"Niliapa, sikatai," mjomba alinong'ona nyuma yake. "Lakini kwanza atoke arobaini."