Kata ya Maji ya Bahari

Nesi Tumu alimfuata Bi Mwanakheri nyumbani, akamfungua kitambaa mguuni. Wiki ya sita sasa tangu gamba la chaza limkate alipokuwa akichokoa chaza pwani, na kidonda kilikuwa kinapanda tu.

"Dawa umemaliza, mama?"

"Mpaka sindano. Na kila asubuhi nakiosha kwa maji ya bahari, kama mama yetu alivyotuosha sisi sote."

"Unayateka wapi?"

"Hapo karibu, mfereji wa mji unapoingilia baharini."

Nesi alishusha pumzi. "Majibu ya maabara yamekuja. Vijidudu vya kidonda hiki vimezizoea dawa zote tatu tulizokupa, na vimejaa humo humo majini, vinakuja na maji taka ya mji. Usiyaguse tena, mama, tusije tukaukata mguu."

"Ala, bahari nayo inaumwa siku hizi?" Bi Mwanakheri akacheka, peke yake.

Ndipo aliposikia maji yakimwagika uani. Mkwewe Zuwena alikuwa anamwogesha mtoto wake, ambaye vipele vya joto vilikuwa vimemtumbuka shingoni. Na ile ndoo ya maji ya bahari ya kumwogeshea, nani aliyeijaza alfajiri, kama si yeye mwenyewe bibi?

Aliinuka na mguu wake mbovu, akavuka ukumbi akishikilia ukuta.

"Zuwena, weka kata chini, mwanangu."

Zuwena aliiacha kata hewani, imejaa pomoni, maji yenyewe maangavu mpaka kitako cha kata kinaonekana. Chini yake mtoto alikuwa anarusha miguu kwa raha, na shingo yake ilikuwa imekwisha kulowa.