Kituo cha Juu ya Jabali

Wanyama walichanga mavuno ya mwaka mzima ili kijengwe kituo cha kuchunguza namna wazee watakavyojitegemea. Kazi wakampa Mbuzimawe, bingwa wa kupanda majabali, naye akakijenga kileleni.

Siku ya ufunguzi magoti ya Bi Ngiri yaligoma njiani, ikabidi nyani wanne wambebe juujuu.

"Shikamoo, bibi," akasema Mbuzimawe, kalamu tayari. "Hebu tueleze, nini kinakushinda kufanya mwenyewe?"

Bi Ngiri hakuitikia marahaba. "Mizizi nachimba mwenyewe, maji nateka mwenyewe. Tangu niachishwe ziwa sijapata kubebwa, mpaka leo ulipoamua kunisaidia."

Mbuzimawe akaandika kwamba wazee hawajiwezi kabisa, akaomba mchango mwingine wa kuongeza ghorofa.