Mapigo Thelathini na Sita

Mapigo thelathini na sita kwa dakika. Daktari alihesabu tena, kisha akamtazama mzee aliyelala kitandani, midomo imempauka, miguu ya baridi. Mwezi uliopita moyo huu huu ulikuwa ukienda mbio, akaandikiwa vidonge vya kuupunguza kasi. Sasa ulikuwa karibu kusimama.

"Anameza vingapi kwa siku?"

"Kimoja tu, asubuhi," alidakia mkewe. "Namtilia mkononi mimi mwenyewe."

Daktari hakumpenda. Tangu waingie, mama huyo hakumpa mumewe nafasi ya kusema hata neno, na mkoba kaukumbatia utadhani utaporwa. Halafu jasho lile, na chumba chenyewe kina ubaridi! Huyu ana lake jambo, daktari aliwaza.

Alimwaga vidonge vya mzee mezani, akavihesabu. Vilikuwa sawasawa, hakikupungua hata kimoja zaidi ya vilivyopaswa kumezwa. Lakini nesi alipoleta majibu ya damu, yalionyesha dawa ile ile maradufu ya kiasi alichoandikiwa.

"Baba," alimwinamia mzee, "nyumbani unapewa dawa nyingine?"

"Ananitunza sana," mzee alijibu kwa taabu. "Asubuhi ananipa. Jioni ananipa tena."

Mama aliinuka, akaanza kwenda mlangoni.

Daktari alipandwa na hasira. Mtu anamuua mumewe mchana kweupe, kisha anatoka zake kama aliyekuja kusalimia! Alimdaka mkono, akamwambia nesi afunge mlango. Kwa mkono wa pili aliuvuta mkoba, akaufungua. Ndani mlikuwa na bahasha ya dawa ile ile, tupu kabisa.

"Hizi ulizipata wapi?"

"Niliandikiwa."

"Uliandikiwa wewe?"

 Mama alikuwa akihema kama aliyepanda ghorofa tano, na hapo ndipo daktari alipotambua kilichokuwa chini ya vidole vyake. Mshipa wa mkono ule ulikuwa ukikimbia, ukiruka, ukikimbia tena, mapigo hayahesabiki.

"Vyake vilimpa nafuu kidogo," mama alisema, akimtazama mumewe. "Nikaona na vyangu vimmalizie ugonjwa."