Muuzaji wa Upande wa Pili

Katika mji ule kila nyumba iliwauzia majirani umeme wa paneli zake, na bei ilipanda kila wingu lilipotanda. Aliyenunua aligonga ukuta kumshukuru aliyemuuzia.

Mchana ule mvua iligoma kukatika. Kwenye kioo cha mita wauzaji wakatoweka mmoja mmoja, na mashine iliyomsaidia mama yake Tausi kupumua ikaanza kulegea. Likabaki jina moja tu: Mzee Shambwe. Bei: bure.

Tausi akaganda. Mzee Shambwe, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, walishamzika. Nyumba yake ilikuwa na kufuli, na paneli zake wanawe walishazishusha zote.

Mama akatweta. Tausi akabonyeza "Nunua."

Taa ikawaka. Mashine ikavuta pumzi.

"Nani katuuzia, mwanangu?"

"Jirani tu, mama."

"Basi tumshukuru."

Kabla Tausi hajamzuia, mama akanyoosha mkono, akagonga ukuta.

"Karibu," ikaitikia sauti kutoka upande wa pili.

Mama akatabasamu. Akateremsha miguu kitandani, akaanza kupapasa sakafu kwa vidole, akitafuta kandambili zake.