Mlango wa Mita Moja na Robo

Kalamu nyekundu ya binti ilisimama kwenye ramani, juu ya mlango wa chumba kipya cha wazazi wake. Binti huyo ni mkadiriaji majenzi, mtu wa kuhesabu gharama za nyumba kabla haijasimama, tofali kwa tofali. Ramani hii aliichora baba yake, fundi mwashi mstaafu, pale pale kwenye meza ya jikoni.

"Baba, mita moja na robo? Huu mlango au geti?"

"Mlango."

"Milango ya dukani ni sentimita tisini. Huu lazima uchongwe kwa oda. Ukiupunguza, hela inatosha dari. Usipoupunguza, mtalala mnatazama mabati."

"Tutatazama mabati."

"Lakini kwa nini, baba?"

Mzee alikuna kidevu, akaona haya kama bwana harusi.

"Tangu mguu wa mama yako ugome, hapiti mlango peke yake. Mimi ndiye mkongojo wake. Hii milango mingine tunaipita kiubavuubavu, kama kaa."

"Na juu ya hayo unanikanyaga!" mama akadakia kutoka kwenye kochi.

Binti aliifunika kalamu. Akachomoa futi ya chuma mkobani.

"Haya, inukeni wote wawili. Shikaneni kama siku zote."

Mzee akamwinua mkewe taratibu, akampitisha mkono kiunoni, vidole vyake vilivyochakazwa na saruji vikatulia juu ya mkanda wa gauni kana kwamba vilizaliwa hapo. Binti akaivuta futi kutoka kiwiko cha huyu hadi kiwiko cha yule.

"Mama, usibane tumbo. Nataka kipimo cha kweli."