Doa la Chini Kulia

Mayala aliingia kwa daktari bila hodi, akatupa bahasha mezani. "Mwanza wamenipiga picha upya. Mapafu yangu mazima! Wewe ulisema yana doa, wachimbaji wenzangu wakanikataza kushuka duarani mgodini, mke wangu akanitenga na watoto."

Daktari aliifungua picha ya zamani ya Mayala kwenye laptopu. Doa lilikuwepo, jeupe, chini kulia. Akafungua ya mgonjwa mwingine. Doa lilikuwa palepale.

Alivuta pazia, akaweka picha nyeusi tupu.

Kioo kizima cha laptopu kikawa cheusi, isipokuwa ile kona. Mwanga ulivuja pale, mweupe kama maziwa yaliyomwagika.

Mwenye kituo cha afya, aliyeiwekea laptopu kioo hicho cha bei rahisi miezi miwili iliyopita, aliingia akifuata kelele. Alitazama, akarudisha mlango haraka.

"Mtulize huyu," alinong'ona. "Wengine hawajui."

"Wengine ni wangapi?" aliuliza Mayala.

Daktari aliibeba laptopu ikiwa wazi, akamsukuma mwenye kituo kwa bega, akatoka hadi kwenye mabenchi ya wagonjwa.

"Naombeni mnisikilize," alisema, akiwageuzia ile kona nyeupe ya kioo.