Swala Aliyeng'atwa

Ilikuwa alama ya jino, pale chini ya kwato za swala. Mama mshonaji alisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo cha duka.

Ndani, juu ya kitambaa cheusi, zilipangwa sarafu za dhahabu, zile wanazonunua watu wa kukusanya: tembo, faru, chui. Zote zinang'aa kama zimetoka kiwandani leo. Swala peke yake alikuwa na tundu juu ya pembe, na hiyo alama ya jino.

Akaingia. Hakukimbia, hakulia. Tangu msiba alikuwa akila, akishona, akilala, kama cherehani inayokanyagwa na mtu mwingine.

"Hiyo nitakupunguzia, mama," muuza sarafu alisema, akimtolea swala aliyemwonyesha kwa kidole. "Imetobolewa. Tena kuna mtu kaing'ata."

"Binti yangu. Nilipompa alitaka kuhakikisha kama ni dhahabu kweli." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo. "Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Akaitia kwenye mkufu, hakuivua hata kuoga. Alikuwa nayo shingoni asubuhi aliyoniaga kwenda kupanda basi lile lililoungua."

Muuza sarafu akaacha kufuta kioo. Nani asiyelijua basi lile? Majeneza yalikuja yamepigwa misumari, na wafiwa wakaambiwa wasifungue.

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa." Akaifumbata sarafu. Ilikuwa ya baridi, kama chuma chochote. "Nataka tu kumjua aliyekuuzia. Ni wale waliozima moto, au waliobeba maiti? Mtu wa kumvua marehemu mkufu ana moyo gani?"

"Mimi sinunui mali ya wizi!" Mwanamume yule akawa mkali, kisha akajirudi. "Aliyeleta hakuwa mwizi, mama. Mwizi haibusu sarafu kabla ya kuiuza."

"Aliibusu?"

"Juzi, hapo hapo uliposimama. Mwanamke kijana, tumbo limeshakuwa kubwa, siku yoyote atajifungua. Analia kwikwi. Nikamwambia, mwanangu, kama inakuuma hivyo, rudi nayo kwenu." Muuza sarafu akashusha sauti. "Akasema hana uso wa kurudi. Alitoroka na mwanamume, na mama yake keshamzika."